Ukurasa wa Tisa

Wifi yangu, mke wa kaka, anapiga pasi shuka za hospitali. Si pasi ya mkono. Ni mashine ndefu kama kitanda cha watu wawili: huku unaingiza shuka mbichi, kule inatoka kavu, na ukizubaa inakula kidole. Ameisimamia miaka minne, na kazini wanamwita Bi Sawa, kwa sababu lolote analoambiwa na msimamizi kwa lugha ya hapa, yeye hujibu "sawa". Aliwahi kujikuta na zamu za Jumapili sita mfululizo, zote amezikubali kwa tabasamu.

Nilimcheka sana. Mimi nilimtangulia kuhamia nchi hii, kwa hiyo nilijiona mjuzi wa lugha. Acha niseme ukweli: ujuzi wangu uliishia sokoni na kwenye kituo cha basi. Kwingine kote niliitikia kwa kichwa kama yeye, ila kwa madaha zaidi.

Kaka na watoto wao wawili walikuwa bado nyumbani. Ofisi ya uhamiaji haikutaka maneno mengi: onyesha makazi yenye vyumba vya kutosha, familia ije. Basi ilipotokea nyumba ya vyumba vinne nyuma ya hospitali, ikiuzwa kwa bei ya kutupwa, tulikwenda mbio. Mwenye nyumba, mzee mmoja fundi saa aliyestaafu, alitutembeza. Chumba cha mwisho kilikuwa chake. Aliketi kitandani, akapigapiga godoro, akazungumza mpaka nikachoka kusimama. Tukaitikia. Akamshika wifi mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga.

"Maskini, anaaga nyumba yake," nilimnong'oneza wifi.

"Sawa," wifi alimwambia mzee kwa upole.

Sheria ya hapa inamtaka wakili asome mkataba wote kwa sauti mbele ya muuzaji na mnunuzi, na kila ukurasa aulize kama umeelewa. Ukurasa wa kwanza, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Kufika wa sita nilikuwa nimeshachagua mapazia kichwani. Wa tisa wakili aliusoma polepole, akavua miwani, akatutazama.

"Mmeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Wifi alikuwa ameshika kalamu, jasho linamtoka puani.

"Sijaelewa," alisema.

Nilimfinya paja chini ya meza. "Wifi! Usitutie aibu. Ni mambo ya kawaida tu."

"Mambo gani?"

"Ya... nyumba."

"Wifi, naleta watoto wangu humo. Hebu nitazame. Wewe umeelewa nini?"

Uso ulinishuka. "Sijaelewa kitu," nilisema.

Wakili hakujua lugha yetu, lakini sura zetu zilimtosha. Alichukua karatasi akachora nyumba, ndani yake akachora mtu mwenye mkongojo, kisha mshale mrefu hadi kwenye kaburi. Pale tukaelewa wote wawili kwa mpigo. Mzee alikuwa anauza nyumba, lakini hatoki. Angekaa humo peke yake mpaka Mungu amchukue, na sisi tungeingia baada ya mazishi. Ndiyo maana ya ile bei.

"Lakini nilikuambia," mzee alisema, safari hii neno moja moja. "Ukanipa mkono. Ukasema sawa."

"Nisamehe, baba. Sikuelewa hata neno moja."

Bila sahihi hakuna mkataba, wakili alisema, naye polepole, na arubuni aliyotanguliza wifi ingerudi yote. Tulitoka. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka mpaka nikalia, kwa jinsi tulivyoponea chupuchupu. Wifi hakucheka. Alimpigia kaka, akaweka sauti ya nje.

"Baba watoto, sijainunua. Tena kuna jambo. Nilikudanganya. Lugha ya huku siijui. Miaka yote hii naitikia tu."

Nilianza kutafuta maneno ya kumtetea wifi. Kisha nikamsikia kaka anashusha pumzi ndefu.

"Umenitua mzigo," alisema. "Kila ukipiga unanisimulia unavyoongea na watu. Nikawa najiona nikifika huko mjinga wa nyumba, wewe na watoto mnacheka, mimi sijui mnacheka nini. Barua ya kuacha kazi iko kwenye droo tangu mwaka jana."

"Si ulisema bosi amekukatalia?"

"Nami nilikudanganya, mama. Nilikuwa naogopa kuja."

Wifi alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaketi kando yangu kwenye ngazi.

Fleti ya vyumba vitatu tuliipata baada ya miezi miwili, ghorofa ya tatu, tupu, haina hata msumari ukutani. Wakili alikuwa yule yule. Wifi alimsimamisha kila aya, mchana mzima, na mimi kwa amri yake nilingoja nje kwenye benchi. Kaka alifika na watoto kabla ya shule kufunguliwa. Aliweka mabegi sebuleni, akabaki amesimama pale kama mgeni, akauliza kipi ni chumba cha nani.

"Chetu hiki," wifi alimwambia, akamfungulia mlango.