Viatu vya Wasomi Barazani Mushasha

Kongamano zima lilinigharimu faranga laki moja na elfu arobaini. Nilipohesabu mara ya pili ikawa laki moja na arobaini na mbili, maana nilikuwa nimesahau rangi ya viatu. Humo mna tiketi ya basi ya mke wangu kutoka Muyinga, ambayo siku hizi za mafuta kuadimika bei yake inategemea dereva kaamkaje. Mna karatasi kubwa ya picha za utafiti wake, ya kutundika ukutani, aliyochapisha mjini. Mna na shati langu jeupe, ambalo muuzaji alianza kwa bei ya harusi nikamshusha hadi bei ya matanga. Chakula sikukitia hesabuni. Chakula nilikula cha wenyewe.

Mimi nauza viatu vya chaguwa katika soko la Gitega, yaani vile vya michezo vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya vikaletwa kwetu ndani ya marobota. Mke wangu ni mwalimu wa mazoezi ya mwili katika shule moja ya sekondari Muyinga. Tumeoana miaka sita, na ukijumlisha siku tulizolala chini ya paa moja hazifiki mwaka na nusu. Hiyo nayo nimehesabu mara mbili. Binti yetu anakaa huko na mama yake, na mimi ananisalimia kwa adabu ile ya kumkaribisha mgeni wa mwisho wa mwezi.

Basi kukaja habari kwamba wasomi wa elimu ya mwendo wa mwili, mazoezi na siha watakutana siku mbili Mushasha, kwenye ukumbi wa mapadri, na kwamba chuo kimoja cha ualimu cha hapa Gitega kinatafuta mwalimu wa mazoezi. Atakayemchagua ni profesa mzee aliye mwenyekiti wa kongamano. Mke wangu akapeleka mada yake, ikapokelewa, akapewa dakika kumi na tano za siku ya pili saa tisa alasiri. Dakika kumi na tano za kutuweka nyumba moja. Nimewahi kupatana bei ya jozi moja ya viatu kwa muda mrefu kuliko huo.

Mada yenyewe aliiokota kibandani kwangu. Sisi wa chaguwa tukitaka kumshusha bei mwenye robota, tunageuza kiatu na kusoma soli. Kisigino kilicholika upande wa nje kinasema mambo ya mguu, kilicholika upande wa ndani kinasema ya goti, na ncha iliyolika upande mmoja inasema mwenyewe alikuwa anaburuza. Mimi nilisoma ili nitoe kasoro. Yeye, siku ya kwanza alipokuja kununua raba, tukagombana bei hadi tukachumbiana, aliona jambo jingine: shule zetu hazina mashine za kupima mwendo wa mtoto, lakini kila mtoto amevaa mashine miguuni. Akaanza kugeuza viatu vya wanafunzi, anaandika, anawapa mazoezi, baada ya muhula anageuza tena. Amejaza madaftari manne.

Siku ya pili asubuhi, profesa alipita mbele ya karatasi yake ya picha, mikono nyuma, akauliza vipimo vimetoka kwenye mashine gani. Mke wangu akamweleza habari ya soli. Profesa akasema kwa Kifaransa cha taratibu kwamba sayansi bila mashine ni masimulizi mazuri, akaenda kutazama karatasi ya jirani. Mke wangu alitoka nje nilipokuwa nimekaa, akaniambia hayo kwa Kiswahili chake cha redioni, maana amekulia Tanzania, kisha akaomba maji. Mtu wa maneno mengi akiomba maji tu, ujue hali ni mbaya.

Baada ya chakula kulikuwa na somo la kusimama kwa mguu mmoja macho yamefungwa. Mikeka ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo ikaamriwa kila mtu avue viatu barazani. Mimi sikuwa na kitambulisho cha shingoni, nikaonekana mtu wa kulinda viatu. Walinipa soda moja. Nikawaeleza uzito wa dhamana ya viatu vya madaktari, tukafikia soda mbili, mandazi manne na kitambulisho.

Nikabaki na rundo la viatu. Jozi hamsini na moja. Nikarudia, hamsini na moja. Sasa unielewe. Mimi kwa miaka kumi na tano sijawahi kuona rundo la viatu nikaliacha lilivyo. Mikono ilianza yenyewe. Nilifuta vumbi, nikatia rangi vilivyostahili, nikavipanga kwa namba kuanzia thelathini na sita hadi arobaini na tano, na kila jozi nikaifunga kamba pamoja kwa lile fundo letu la sokoni, ambalo mwizi hawezi kulifungua akaondoka na kiatu kimoja. Baraza likapendeza. Mwalimu mmoja wa jirani alipita, akanyanyua jozi nyeusi namba arobaini na mbili na kuuliza bei. Kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshasema elfu themanini.

“Elfu thelathini,” akasema.

“Mi siuzi, mi nalinda,” nikamwambia. “Lakini thelathini ni matusi, kaka. Iko na ngozi hii.”

Tukafika hamsini na tano ndipo nilipokumbuka kwamba mali ni ya watu. Akaondoka akiniita mlanguzi.

Saa tisa kasoro dakika tano wasomi wakatoka, soksi miguuni. Hakuna aliyekiona kiatu chake alipokiacha, na waliokiona hawakuweza kukifungua. Daktari mmoja alijaribu meno. Wengine walisimama wameshika jozi zao mkononi kama kuku wawili waliofungwa miguu. Mke wangu alikuwa mlangoni, madaftari kifuani, anatazama saa, halafu ananitazama mimi, halafu saa. Kila fundo lilikuwa linakula dakika zake. Nikatoka jasho hadi shati la matanga likalowa.

Ikabidi wapange foleni, mimi nafungua mmoja mmoja. Na ukifungua fundo, kiatu kinageuka chenyewe, soli inakutazama usoni. Ningefanyaje? Mama wa kwanza nilimwambia anabeba mkoba mzito bega la kushoto. Akashika bega. Bwana wa pili nikamwambia aliwahi kuteguka kifundo na hakukipumzisha. Huyo akacheka hadi akakaa chini, akasema mkewe amekuwa akimwambia hivyo tangu mwaka jana. Basi foleni ikabadilika. Waliokwisha kuvaa wakavua, wakarudi nyuma. Mtu na shahada zake ananinyooshea kiatu kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Kicheko kilienea baraza zima. Hata mimi, ambaye kazini sicheki kwa sababu kucheka kunapandisha matumaini ya mnunuzi, nilishindwa.

Wa mwisho alikuwa profesa. Jozi yake ndiyo ile nyeusi, namba arobaini na mbili. Nikaigeuza, nikairudisha chini haraka.

“Sema,” akasema. “Wenzangu wote umewasema.”

“Mzee wangu, goti la kuume iko linakuuma ukishuka ngazi. Ukipanda, hapana. Na we unaficha.”

Profesa alitazama ngazi za ukumbi, tatu tu, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu kweli: mi najua elimu ya kushushia bei peke yake, ya kuponyea watoto ameijua mwalimu yule pale mlangoni.

Mke wangu akasogea. Sauti ilikuwa yake tena.

“Profesa, shikamoo tena. Ile mashine uliyoniuliza asubuhi ndiyo hiyo, inakula mandazi.”

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema mada isikilizwe pale pale, na kila mtu akae na kiatu chake mkononi. Mke wangu hakupata dakika kumi na tano. Alipata saa nzima, amesimama kwenye ngazi, anafungua daftari, anaeleza mtoto gani alikuwa anatembea vipi na akapewa zoezi gani, na wasomi wanageuza soli zao na kubishana kama wanawake wa vitenge sokoni. Mimi nilikaa nyuma nikihesabu waliokuwa wanaandika. Nilipata ishirini na tisa, nikarudia, nikapata thelathini na moja. Wawili walikuwa wameongezeka.

Jioni ya kufunga, profesa akamsimamisha mbele ya wote. Akasema kazi hii ni nzuri mno. Nikamfinya jirani yangu. Akasema kazi nzuri mno haikatizwi njiani. Kwa hiyo chuo kinamchukua mwalimu huyu kuanzia sasa, mshahara wa chuo, pikipiki ya chuo, akusanye soli za shule zote za upande wa Muyinga, miaka miwili. Akiwa huko huko Muyinga.

Watu walipiga makofi. Mke wangu alinikumbatia mbele ya mapadri, tukashuka mtaani kwangu Nyamugari kwa miguu tukicheka kama tuliokunywa, yeye anaigiza daktari mwenye fundo menoni, mimi naigiza ukuta wa profesa. Tulifika nyumbani mbavu zinauma. Ndipo aliponiuliza, bado anacheka: “Sasa, mume wangu, tumeshinda au tumeshindwa?”

Amesharudi Muyinga, na pikipiki imefika, nami bado napiga hesabu ya jibu. Kibanda changu Gitega kina wateja wa miaka kumi na tano wanaojua kwamba sidanganyi namba. Muyinga viatu vinaingia kutoka Tanzania kwa bei ambayo mimi nikiisikia naumwa kichwa. Lakini Muyinga kuna mtoto ambaye juzi kwenye simu aliniuliza kama nitakuja kama mgeni au nitakuja na godoro. Nimetaka shauri kwa majirani wawili: mmoja akasema nenda, mwingine akauliza kibanda nakiuza bei gani. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyesoma mpaka hapa na huna haja ya kibanda changu: nihame, au nisubiri miaka miwili? Niambie kabla ya mwisho wa mwezi, maana tiketi inapanda.