Kiganja Kwenye Dari ya Gari

Harufu ya gundi ya viatu, ile nzito inayokwaruza koo, hunirudisha mpaka leo kwenye ua wetu wa Buyenzi, mwaka ule ambao vita vilikuwa vimeshaingia mitaani na sisi watoto hatukuwa tukienda shule. Kulikuwa na siku ambazo vijana wenye silaha walitangaza ville morte, mji uwe kama umekufa, na kweli mji ulikufa. Maduka ya Asiatique, mtaa wa biashara, yalifungwa, barabara zikaachiwa mbwa, hata mwadhini alionekana kupunguza sauti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nasi tulishinda tukiusubiri mshindo huo. Siku mojawapo ya hizo, baba na mama waliamua kutengeneza dari ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa teksi ya baba. Alilinunua kwa dalali mmoja wa Asiatique muda mfupi baada ya vita kuanza. Mama aliuliza ni la nani, naye baba akajibu alivyoambiwa na dalali, kwamba wenyewe wamekwenda. Siku hizo neno hilo lilikuwa na maana nyingi, na watu wazima walikuwa wamejifunza kutouliza ni ipi. Lilikuwa gari zuri, ila kitambaa cha dari kilikuwa kimebanduka juu ya kiti cha nyuma, kikaning'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Nilipoketi pale kiligusa nywele zangu. Gari likienda, kilipanda na kushuka polepole, na kwa akili zangu za miaka tisa niliamini kwamba kinapumua. Siku moja nilijaribu kupumua sawa nacho, nikaingiwa na hofu, nikahamia upande wa dirisha.

Baba angeendelea kulivumilia tumbo lile lau si askari wa kizuizi cha barabarani. Tulikuwa tukitoka kwa shangazi, mimi na mama tukiwa nyuma, askari akachungulia ndani na macho yake yakatua kwenye dari. Alipitisha bunduki dirishani, akachoma kitambaa kwa singe karibu kabisa na sikio langu. Unga wa manjano ukatumwagikia kichwani, laini na mkavu, unanuka kama sanduku lililofungwa miaka.

"We, hii inaficha nini?" akauliza.

"Apana kitu, chef," baba alijibu, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya usukani. "Ni mousse tu, imezeeka."

Askari alimwambia kwamba akiliona tena lile tumbo, hatachoma, atapiga risasi. Tulifika nyumbani na unga wa ile mousse, sponji ya dari, kichwani, na mama alinisugua nywele kwa nguvu, kana kwamba ulikuwa uchafu wa kaburini.

Ndiyo maana siku ya mji kufa, baba alifungua milango yote ya gari uani, akaondoa taa ya ndani, vishikio na mipira ya milango, akaivuta dari nzima nje kupitia nyuma. Ilikuwa ubao mwembamba, mwepesi, umejipinda kama ganda. Tuliulaza juu ya mkeka. Mama alikuwa mshonaji, na kwa kuwa shule zilifungwa alikuwa na kitambaa cha kaki cha sare ambacho hakuna mzazi aliyekuja kukichukua. Kazi yangu ilikuwa kusugua sponji ya zamani kwa brashi mpaka ubao uwe safi. Sponji ilikuwa imeoza, ikavunjikavunjika vidoleni mwangu, na chini yake ikatokea gundi ya zamani, ngumu na ya rangi ya chai. Nilisugua kuelekea pale palipokuwa na tumbo. Hapo nikakiona kiganja.

Kilikuwa kiganja cha mtoto, vidole vitano vimepanuka, cheupe katikati ya gundi ya kahawia. Baba alielewa mara moja. Kumbe dari hii iliwahi kutengenezwa nyumbani kwa watu, na mtoto wao aliweka mkono kwenye gundi ikiwa mbichi, akaondoka nayo kiganjani. Pale alipogusa, kitambaa hakikushika, na tumbo lilianzia hapo. Alieleza vizuri, kama fundi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaweka mkono wangu juu ya ule, bila kuambiwa na mtu, na ulienea sawasawa, kidole kwa kidole. Ubao ulikuwa juani tangu asubuhi. Sehemu ile ilikuwa baridi. Najua mtoto huona mengi anapoogopa, ila nimeulizwa mara nyingi na sijawahi kuibadilisha habari hii.

Baba alichovya brashi kwenye gundi. Mama akamshika mkono.

"Mi siwezi kufunika mukono ya mutoto kama nafunika kaburi," alisema. "Walikwenda wapi?"

Baba alimkumbusha habari ya askari. Alimkumbusha pia kwamba bila teksi hatuli. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuuegemeza ule ubao ukutani na kuufunika kanga. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mama alikuwa ameubeba ule na alihisi uzito wake wote. Mji ulipofufuka, baba alikwenda kwa dalali, akambana mpaka akaitaja nyumba ya wenye gari, kule Kigobe.

Tulikwenda mchana, dari ikiwa bati tupu linalotuunguza vichwa. Baba alibaki kwenye usukani, injini inanguruma. Geti halikufungwa. Bustani ilikuwa imeota magugu mpaka kiunoni mwangu, madirisha hayana vioo, lakini sakafu ya baraza ilikuwa safi, na ndani ya nyumba tulisikia mtu akifagia. Fagio lilikwenda taratibu, bila haraka, kama la mwenye nyumba. Mama akapiga hodi. Fagio likanyamaza. Akapiga tena, akasalimu kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi. Hatukusikia hatua wala kikohozi.

Mama aliuegemea mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba sisi ni watu wa Buyenzi, nyuma ya msikiti, gari lao tunalo, na hatukuja kwa ubaya. Akasema mtoto akiwa hai, aje tumwone. Tulipofika getini, fagio likaanza tena. Nilitaka kugeuka, mama akanishika shingo kwa nyuma, akanielekeza garini.

Hakuna aliyekuja. Baba alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akasema anatoka kesho, na dari au bila dari. Mama alitawadha, akakaa mbele ya ule ubao. Nilidhani atamsomea mtoto yule Fatiha. Nilipomuuliza alikataa, akaniambia huwezi kumzika mtu ambaye hujaambiwa kwamba amekufa. Alimwombea dua ya msafiri, afike salama alikokwenda. Ndipo akapaka gundi ubao mzima, akizunguka kile kiganja kwa uangalifu bila kukigusa, na tukatandaza kaki juu yake, tukilainisha kutoka katikati kwenda nje. Kizuizini, askari yuleyule alibonyeza dari kwa vidole, akamwambia baba kwamba gari lake limeanza shule. Akatupisha. Baba alicheka mpaka tukalipita daraja, halafu nikaona mabega yake yanatetemeka na hacheki tena.

Leo Kigobe imejaa maghorofa, napita huko kwenda kazini na siwezi kuitambua ile nyumba. Gari langu lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama mengi ya mjini. Juzi mwanangu alikuta chini ya kiti soksi ndogo ya mtoto, yenye picha ya sungura. Aliicheka, akataka kuitupa. Nikafikiri: mwenyewe yuko kwao, amevaa nyingine, na wazazi wake wameshaisahau. Katika nchi yenye amani soksi iliyopotea ni soksi tu, na nilifurahi kwamba mwanangu anaijua dunia hiyo na si ile yangu. Hata hivyo nilimnyang'anya. Niliifua kwa mkono, ilipokauka nikaiweka kabatini pamoja na zake.