Vidonge Tulivyoviita vya Damu

Asali niliyouza Tabora ilitoka Goweko kwa treni. Kila debe nililihesabu mara mbili, likishushwa stesheni na likiingia dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Yeye naye alilihesabu mara mbili. Ndivyo tulivyoaminiana miaka kumi na moja.

Mkewe alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, na bei haikukatwa mpaka aonje.

"Dada, hii asali au maji ya sukari?"

"Bibi, nyuki wangu sukari wataitoa wapi? Hata kwenye mgao hawakuandikishwa."

Alicheka akiziba mdomo kwa ncha ya sari. Kicheko hicho nilikitegemea; akicheka, mumewe hulegea.

Ulipofika mwaka ule serikali ilipochukua nyumba za kupangisha, jamaa zao walianza kuhama. Kila Jumanne wanawake wa kwao walikusanyika kwake kuimba sala, nami nilikuwa nikisubiri uani na madebe yangu. Walikuwa kumi na wanne. Wakawa tisa. Wakawa wanne. Jumanne moja nilisikia sauti moja tu, nayo ikakatika katikati ya wimbo. Baada ya hapo kigoda kilibaki kitupu. Mwenyewe alikaa chumba cha nyuma, nywele hazijachanwa, uso ameuelekeza ukutani.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alisema ni jicho la watu. Alishika chumvi na pilipili kavu, akazizungusha juu ya kichwa cha mkwewe, eti mara saba, kisha akazitupa kwenye jiko la mkaa. Pilipili zisipowasha, basi jicho lipo. Hatukukohoa hata mmoja.

"Umeona?" akaniambia.

Mizunguko niliihesabu ikawa sita, na tulikuwa tumesimama upande upepo unakotoka. Lakini nisingeweza kumcheka. Kwetu tungesema ana shetani, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, na mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kushika bakuli.

Wiki zikapita, akawa anakula vijiko viwili kwa siku. Mumewe akampeleka kwa daktari Mzungu aliyekuwa mjini kwa mkataba, mtu aliyejifunza Kiswahili miezi mitatu na kukitumia chote. Daktari akataka kuzungumza na mgonjwa peke yake. Kwao mwanamke haachwi chumbani na mwanamume mgeni, kwa hiyo nikaitwa mimi.

"Leo wewe ni dada yake," mzee mumewe akaniambia.

Mle ndani daktari akauliza, "Unajisikiaje?"

"Nyumbani hatuna raha," akajibu.

"Sikuulizi nyumbani. Nakuuliza wewe."

Akanitazama kama aliyeulizwa habari za mtu asiyemjua.  Kisha akasema, polepole, "Nikiamka naviangalia viatu vyangu. Sioni viende wapi."

Daktari akaandika. Mgonjwa akapelekwa garini kwa mama mkwe, nasi watatu tukabaki barazani.

Daktari alisema huzuni hii ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na kwamba apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali, kwa miezi kadhaa.

"Daktari, nina mabinti wawili," mzee akasema. "Barua za posa zimeanza kuja. Nani atamchukua binti ambaye mama yake amelazwa na wendawazimu?"

"Anayeumwa ni mkeo, si mabinti."

"Kwetu haugui mtu mmoja, inaugua nyumba. Ukimtoa yeye peke yake, umemtupa."

"Na ukimwacha humo humo kwenye nyumba inayougua?"

 Hapo pa biashara napajua, kila mmoja ameshataja bei yake ya mwisho. Nikaingia katikati, maana ndiyo kazi niliyoiweza maishani. Daktari atoe vidonge anywe nyumbani. Mzee akubali vidonge, ila watu waambiwe damu imepungua. Hakuna posa iliyowahi kuvunjika kwa sababu ya damu.

Mzee akashusha pumzi. Daktari alikubali kwa shida.

"Lakini mwenyewe lazima ajue ni dawa ya nini. Ngoja nimweleze."

"Niachie mimi, daktari. Nitamweleza kike."

Vilikuwa vidonge sitini vya mwezi mmoja. Nilivihesabu mara mbili.

Garini mama mkwe alikuwa ameketi karibu naye, masikio wazi. Nikasema, "Bibi, damu yako imepungua kidogo." Nilidhamiria kumweleza kweli tukiwa wawili. Lakini kila nilipokwenda, mama mkwe alikuwepo, akimlisha mchicha kwa ajili ya damu. Nikajiambia kesho, na kesho yake madebe yangu yalikuwa stesheni. Miezi miwili iliyofuata mzee alikwenda kuchukua dawa peke yake, akimwambia daktari mgonjwa hajambo.

Kisha duka likafungwa. Walikuwa wanakwenda Dar es Salaam, na kutoka huko waende Ulaya kwa kaka wa mzee. Nilikwenda stesheni kuwaaga. Mzee alikuwa anahesabu mizigo kwa mara ya pili.

Mkewe alikuwa amekonda hata bangili zilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Alinipa kopo dogo nililompelekea zamani likiwa na asali.

"Kopo lako, dada."

Lilikuwa jepesi, likacheza kitu ndani. Nikafungua. Vidonge.

"Damu yangu nzima," alisema. "Kila mwezi naiona. Ya nini ninywe dawa ya damu, na panapouma ni hapa?" Akagusa kipaji cha uso. "Yule daktari aliniuliza, nikamjibu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie naye alisemaje."

"Alisema huzuni nayo ni ugonjwa, bibi. Ina dawa."

"Dawa ipi?"

"Hiyo."

Alilitazama kopo, akanitazama. Akanyoosha mkono kulichukua. Mumewe akadhani ananiaga. Filimbi ilikuwa imeshapigwa. Akaushika mkono ule ule, akampandisha behewani, mama mkwe akampokea kwa ndani. Nilikimbia na kopo kando ya treni mpaka jukwaa likaisha.

Barua haikuja, wala sijui nani angeniandikia.

Siku ile nilikaa juu ya debe tupu pale stesheni, nikamimina vidonge kwenye kanga. Mia moja na themanini, sitini mara tatu. Nikahesabu tena, nikiomba nimekosea.