Ng'ombe Wanaolala kwenye Godoro

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba ng'ombe wanaotoa ngozi ya ile mikoba ya Paris hulala kwenye godoro. Aliyeniambia ni mwenzangu wa shule ya jioni, tukimngoja mwalimu wa hesabu, na yeye aliambiwa na binamu yake aliyewahi kubeba mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo habari ilikuwa na ushahidi. Ng'ombe mmoja, godoro moja. Ndiyo maana ngozi yao haina hata mkwaruzo. Nilipoipokea habari hiyo, mimi nikaiongezea chandarua. Mwaka haujaisha, ng'ombe wangu wa Paris walikuwa wanapigiwa muziki wa taratibu na kukandwa mgongo na daktari, na nusu ya soko inanisikiliza midomo wazi.

Usinicheke haraka. Mimi ni mtoto wa Kongwa. Nyumbani tulilala sisi juu ya ng'ombe: ngozi imetandikwa chini, watoto tumepangwa juu yake kama mahindi kwenye gunzi, asubuhi unaamka na alama za manyoya shavuni. Kusikia kwamba iko nchi ambako ng'ombe ndiye anayetandikiwa, kwangu hayakuwa maajabu. Yalikuwa maendeleo.

Nashona mikoba Dodoma mjini, kwenye kibanda chenye cherehani moja inayonguruma mpaka Kondoa wanageuka. Kidato cha nne nilikimaliza jioni jioni nikiwa tayari na ndevu, na cheti nimekitundika ukutani juu ya mikoba, ili mteja anayekuja kupunguza bei ajue anabishana na nani. Wenzangu wakiamka wanatafuta matokeo ya mpira kwenye simu. Mimi natafuta ya Paris na Milano. Mbunifu akihama nyumba moja ya mitindo kwenda nyingine, naumia kama shabiki aliyeuziwa mshambuliaji wake. Vile vipochi vya kuingia ufunguo mmoja na pipi, nilijua vimekwisha kabla wenye navyo hawajajua. Nilijua pia kwamba mikoba mikubwa ya kahawia, iliyolegea kidogo kama mtu aliyeshiba, inarudi. Na tangu serikali ihamie kwetu, akina mama wa maofisini wanapita kuniuliza, "Fundi, mwaka huu tunabeba nini?" vile mkulima anavyouliza habari za mvua. Jirani yangu, fundi viatu, ananiita Waziri wa Mapochi. Sijawahi kukataa cheo.

Sasa, mdogo wetu wa mwisho akachumbiwa na kijana wa Dar es Salaam. Siku moja, tukiwa kikaoni, akanijia na simu, ananionyesha picha ya mama mkwe wake mtarajiwa. Mtu mwingine angetazama uso. Mimi nilitazama mkono. Mama yule alikuwa ameshika mkoba halisi, wa Paris kabisa, mshono umenyooka kama reli.

"Umeuona?" dada akauliza.

"Nimeuona."

"Basi mama yetu anataka kuingia ukumbini na kile kimfuko chake cha zipu iliyokufa. Kaka, watampima kabla hajakaa. Sitaki wamdharau mama yangu siku yangu ya kuagwa."

Machozi yalikuwa karibu, na kikao cha kamati ya sherehe kilikuwa kinaendelea pale pale. Nikasimama. "Mama atabeba mkoba wa mkono wangu," nikatangaza, "ambao Paris wakiuona watafunga duka!" Kamati ikapiga makofi. Nilipokaa ndipo nikaelewa kwamba heshima ya mama mbele ya wakwe nimeibeba mimi, na makofi hayashonwi.

Ngozi ilikuwepo. Mama alikuwa na ng'ombe mwekundu aliyetulea sote kwa maziwa yake. Alipozeeka hata kusimama kukawa kazi, akachinjwa, na mama akakataa ngozi isiuzwe. Niliipeleka kwa mzee mmoja anayelainisha ngozi kwa magome ya miti, naye akanirudishia kitu cha rangi ya asali, laini kama shavu la mtoto, kinanukia moshi. Nikakitandaza mezani kwa furaha.

Nikaona makovu. Kupe walikuwa wameacha nukta zao, miiba ya zizi mistari yake, na katikati kabisa lilipita kovu moja refu, limepinda kama korongo wakati wa kiangazi. Hilo ukoo mzima unalijua. Mwaka wa njaa ng'ombe yule alivunja ua wa miiba akaenda kutafuta maji peke yake. Jioni akarudi, ubavu umechanika, akasimama mahali pake akingoja kukamuliwa.

Lakini kwa sheria ya godoro, ngozi ilikuwa imefeli. Nikachukua chaki nikaanza kuzungushia sehemu safi tu. Fundi viatu akapita, akachungulia vile viduara.

"Waziri, hapo unamshonea nani? Kuku?"

Nikawaza kununua ngozi ya plastiki, ile inayong'aa, haina kovu wala ukoo. Kabla ya kwenda nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Ngozi ina makovu."

"Marahaba. Ulitaka iwe na nini, maua?"

"Watu wa Dar wataona, mama."

"Lile refu limeangukia wapi?"

"Katikati."

"Liweke mbele. Nikiingia na ng'ombe wangu nataka ajulikane."

Amri ya mama haina rufaa. Nikashona, moyo unagoma, mkono unatii. Mfuniko mmoja mpana, kovu limeulalia kutoka ukingo hadi ukingo. Mkanda wa begani. Mshono wote kwa shazia, ile sindano nene ya mkono, uzi umepakwa nta. Na niseme bila haya, ulipokwisha ulikuwa mzuri mpaka cherehani ikaona wivu.

Siku ya sherehe mama aliingia ukumbini kwa mwendo wa mtu anayekwenda kukamua, mkoba begani, kovu mbele. Akaketishwa karibu na mama wa bwana harusi. Mikoba miwili ikawekwa juu ya meza, inatazamana. Dada yangu kule mbele, na mchumba wake ubavuni, alikuwa ananitazama mimi.

Mama wa Dar akanyoosha kidole, akalifuata lile kovu polepole toka mwanzo hadi mwisho. Dada akafumba macho.

"Mzazi mwenzangu, huu umeutoa nchi gani?"

"Kongwa."

"Nauliza mkoba."

"Ndiyo huo mkoba. Ni ng'ombe wangu huyu. Hapa alichanwa na miiba akitafuta maji, na jioni yake akatoa maziwa." Mama akaufungua, akatoa karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye leso. "Karibu."

Yule mama akachukua karanga, akausogeza mkoba wake pembeni, akaupakata wa mama, akaugeuza, akaunusa. "Wangu mimi," akasema, "hata sijui alikuwa ng'ombe gani. Nani amekushonea? Na mimi nautaka, tena wenye kovu."

Mama akanyoosha kidole meza ya nyuma. Dada akafumbua macho, akacheka hadi shela ikamponyoka. Mimi nikasimama, na siku hiyo nilikuwa mrefu, dari ilibidi ijihadhari. Nikaenda mezani kwao nimejaa fahari.

"Shikamoo mama. Asante sana. Mtuwie radhi tu kwa hizo alama, maana ng'ombe wetu hawakulelewa kama hao wa Paris. Wetu hawakulala kwenye godoro."

"Godoro?" akauliza mama wa Dar.

Nikawaeleza. Godoro, chandarua, muziki, daktari wa mgongo, sikuacha kitu. Yule mama akamgeukia mama yangu. Mama akatafuna karanga yake mpaka ikaisha.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe hulala chini. Kila mahali."