Dawa ya Viatu Siku ya Kuoshwa Miguu

Jamani, hili nililificha hata kwa wenzangu niliopanga nao chumba mtaani Ipuli, na kama si mzee wangu kuanza kulisimulia huko Choma kwenye mnada wa ng'ombe, ningekufa nalo.

Kitivo chetu cha Elimu, katika chuo cha Kanisa pale Tabora, kina desturi yake. Kabla hatujatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha inaadhimishwa misa, na mkuu wa kitivo, padre mzee, anawaosha miguu wachache wetu mbele ya wazazi. Tuliambiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba wamisionari waliotuletea shule huku walikuja kwa miguu, kwa njia ileile ya misafara kutoka pwani, na mwalimu anayeona haya kuinama hafai kutumwa. Maneno mazito, nami niliyapenda sana, mpaka nikachaguliwa.

Kisa magaga. Nimechunga ng'ombe pekupeku utoto mzima, visigino vimepasuka kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi, na nikiwafikiria mabinti wa kwaya (mmoja hasa, tumwache) nikaona heri nizibe nyufa kwa dawa nyeusi ya viatu. Nikapaka, nikasugua kwa kitambaa, visigino vikang'aa, nikajisifu.

Padre akapiga magoti, akamimina maji, beseni likawa jeusi, akadhani ni vumbi la Tabora akazidi kusugua, dawa ikahamia mikononi mwake, ikaingia kwenye taulo, na alipojishika kifuani kanzu yake nyeupe ikabaki na alama za vidole, na wenzangu waliokwisha kuvua viatu wakaanza kuvivaa tena.

"Kijana," akaninong'oneza, "hiki nini?"

"Dawa ya viatu, Padre."

Alikuwa amevaa kipaza sauti. Kanisa zima likasikia, likaangua kicheko, na kwaya ikapotea katikati ya ubeti.

Ndipo nikamwona baba yangu akiinuka kwenye benchi la wazazi. Alivua makubazi yake ya matairi, akaja mbele.

"Samahani Padre, huyu ni wangu. Naomba sabuni."

Akapiga magoti. Baba yangu, ambaye mimi ndiye wa kumwinamia! Alinisugua, nyayo zake zikiwaelekea watu, na magaga kama yale niliyoyaficha mimi, yeye akayaonyesha kanisa zima. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nililia.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Uliona aibu?"

"Ndiyo, baba."

"Ya miguu yako, au yangu?"

Nikamwamkia tu upya, shikamoo baba, ingawa asubuhi nilishamwamkia, naye akaitika marahaba.

Sasa nafundisha Lusu, na nimeapa dawa ya viatu itabaki kwenye viatu. Baba huko mnadani anasimulia yote, hadi vidole vya Padre kwenye kanzu, watu wanashika mbavu. Swali lile la nje ya kanisa tu ndilo analoliruka.