Saa ya Baba Mkwe Ilipogeuka Sura

Nakumbuka siku ile, mwanangu, nilipofunga kanga zangu kwenye boksi nirudi kwetu Pugu, na ndoa yenyewe ilikuwa bado changa, hapo Temeke.

Baba mkwe alikuwa amefariki. Arobaini yake ilipokaribia, wakubwa wakaamua saa yake ya mkononi apewe mume wangu, ndiye mtoto wa kwanza. Ilikuwa imesimama, nikaipeleka kwa fundi, nikairudisha inatembea. Nilijiona mke mwema kweli, nikawa nasubiri sifa.

Sifa zenyewe! Wifi yangu aliitazama, kisha akaitazama picha ya baba yake ukutani. Watu wa zamani wakienda studio walipandisha mkono wa shati na kuuweka mbele ili saa ionekane, na picha ile ilikuwa kubwa, inasomeka vizuri. Jina la saa lilikuwa lile lile, umbo lile lile. Lakini kwenye picha alama za saa zilikuwa nukta, na hii ya mkononi mwangu ilikuwa na vijiti.

"Wifi, ya baba ina nukta," akasema. "Hii umeitoa wapi?"

Niliapa mpaka sauti ikakauka. Mume wangu akasema, "Mie sijui, labda fundi," na hata yeye hakuonekana kuyaamini maneno yake. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Kuitwa mwizi wa kitu cha marehemu, na mume ananitazama tu! Nikaingia chumbani kufunga vitu huku nalia.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, akafika kutoka Kigamboni kwa ajili ya arobaini. Nikiwa mlangoni mwa chumba, nikamwona wifi akimweleza yote na kumwekea saa kiganjani. Mzee alikunja mkono wa kanzu, akavua saa yake, akaiweka kando ya ile. Jina moja, umbo moja. Ya kwake ilikuwa na nukta.

"Tulizinunua pamoja, duka moja," akasema. "Macho ya kaka yalipoanza kufifia, nukta zikamshinda. Tukabadilishana, maana vijiti alikuwa anaviona. Hakutaka nyie mjue." Halafu akapandisha sauti. "Sasa mnamliza mtoto wa watu kwa ajili ya picha? Mbona hamkuniuliza?"

Nililia tena, mwanangu, ila safari hii kwa faraja. Mzigo ulinishuka. Wifi akaja chumbani, akaniomba radhi, akaanza kutoa kanga zangu kwenye boksi mwenyewe. Alizikunja vibaya sana, tukajikuta tunacheka.

Sasa nawe una nyumba yako. Kuna siku utaona kitu kimegeuka, na jina la mtu litakujia mdomoni. Limeze kwanza. Mtafute aliyekuwepo, umuulize, maana picha huonyesha siku moja tu ya mtu, na yeye aliendelea kuishi baada ya hapo. Na mwenzio akituhumiwa, usingoje ushahidi ndipo umsogelee. Mume wangu nilimsamehe siku ile ile, lakini ningependa kama asingehitaji kusamehewa.

Mungu akupe mtu wa kukaa upande wako kabla ukweli haujafika, na kila ulalapo, ulale ukiwa hujamliza mtu bure.