Mshika kabari aliyeficha uziwi wake

Saa tisa alasiri, Gabahal, mtaa wa mji wa Patan, imejaa watu hadi kwenye mapaa. Gari la Bungadyah, mungu wa mvua, limesimama katikati ya barabara. Mnara wake wa henzirani na matawi mabichi umezipita nyumba za ghorofa nne, na kilele chake kimeinama kidogo upande wa kusini. Kila anayefika anatazama juu kwanza, kisha anashusha macho kwenye magurudumu.

Herakaji Dangol hatazami juu. Amechuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, lile lenye macho matatu ya kuchora, na viganja vyake vimelala juu ya magoti. Kwa miaka ishirini na sita, siku kama hii, viganja hivyo vilikuwa vimeshika kabari. Leo kabari anayo mtu mwingine.

"Naogopa," anasema. "Hata siku ya kwanza, nikiwa kijana, sikuogopa namna hii."

Anaongea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, bila mwenyewe kujua. Ukimuuliza jambo, anakutazama mdomo.

Gari hili halina usukani wala breki. Mamia ya watu huvuta kamba, na wanaume wanne husimama juu ya boriti ndefu ya mbele kuitisha mvuto. Likianza kuelekea kwenye nyumba za watu, mwenye kuligeuza ni mshika kabari. Anasukuma kabari, gogo lililochongwa, chini ya gurudumu la upande mmoja, upande wa pili unaendelea kwenda, na gari linageuka. Akisikia "Toa," anaichomoa kabari kabla haijasagwa. Yote hayo ni kazi ya pumzi mbili tatu. Mguu ukichelewa, umekwenda.

Herakaji, mwenye umri wa miaka 51, alirithi kazi hiyo kwa baba yake. Ni kazi ya msimu, malipo yake ni baraka na sahani ya nyama. Riziki yake hasa iko Chyasal, kwenye kinu cha kutengeneza baji, ile pepeta ambayo hapa Patan haikosekani kwenye karamu yoyote. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, kwa rupia mia tisa kwa siku. Mashine ziko mbili ndani ya chumba kimoja cha matofali kisicho na dirisha.

"Miaka kumi na minane," anasema. "Mwanzoni nilikuwa nikitoka kazini masikio yanalia mpaka nimalize kula. Baadaye yakaacha kulia. Nikafurahi. Nikadhani yamepona."

Aliyegundua ni mkewe, Suryakeshari.

"Nilikuwa nikimwita aje kula, ananijibu habari za mbolea," anaeleza huku akimenya tangawizi. "Nikasema huyu mwanamume sasa ananidharau. Siku moja nikamtukana akiwa amenipa mgongo. Tusi zito, la kumtaja mama yake. Akageuka akaniuliza kama chai iko tayari. Hapo nikakaa chini nikalia."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Suryakeshari alimsihi aache kabari. Mumewe akamwapisha asimwambie mtu, hata binti yao Rasila.

"Nilimwambia, Baba Rasila, siku utakayomponda mtoto wa mwenzio, usinitafute," anasema Suryakeshari. "Lakini nikanyamaza. Na mimi nina dhambi yangu hapo."

Kwa miaka hiyo mitatu Herakaji alikuwa na ujanja wake. Kabari ya gurudumu la kulia ilikuwa kwa rafiki yake, Chirikaji Maharjan. Kutoka upande wake, Herakaji aliweza kumwona mwenzake chini ya boriti. Chirikaji akisogea, naye alijua amri imetolewa.

"Chirikaji ndiye alikuwa masikio yangu," anasema. "Na mwenyewe hakujua."

Ujanja huo ulifika mwisho siku ya kwanza ya mvuto wa mwaka huu, gari lilipokuwa likitoka Pulchowk. Mwanamke mmoja alikimbia akaingia katikati ili aliguse gurudumu, na watu wengine wakamfuata. Herakaji hakumwona tena Chirikaji. Kiongozi wa mvuto, Panchanarayan Dangol, aliita "Toa" mara tatu kutoka juu ya boriti. Kabari ya kushoto haikutoka.

Gari likapinda. Mnara ukagonga roshani ya nyumba, na waliokuwa wamesimama hapo wakakimbilia ndani. Chirikaji alijitupa na kabari yake kulizuia upande wa pili. Alilizuia, lakini gurudumu lilimpanda ukingo wa mguu, na vidole viwili vikasagika.

Watu walisema kabari ilikwama. Herakaji hakukanusha.

Mvuto ulisimamishwa kwa siku sita ili wafungaji henzirani wapande kuukaza mnara uliolegea. Siku hizo sita ndizo zilizomkondesha Herakaji. Mvua haikunyesha. Wazee walianza kuulizana ni nani aliyemkosea mungu, na mnong'ono ukaangukia kwa seremala aliyechonga kabari. Wakasema labda alikata mti bila kuuomba. Seremala huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Herakaji.

"Nilimwona anapita, watu hawamwitikii salamu," anasema. "Naye alinisalimia mimi. Sikusikia, niliona mdomo tu."

Asubuhi ya leo, kabla jua halijapanda, alikwenda nyumbani kwa Chirikaji. Alimkuta ameegesha mguu juu ya gunia la mchele, bandeji hadi kwenye kifundo. Mazungumzo yao wameyasimulia wote wawili, na hayapishani sana.

"Kabari haikukwama," Herakaji alisema.

"Najua. Kabari iliyopakwa mafuta vile ikwamie wapi?"

"Sikusikia. Nina miaka mitatu sisikii."

Chirikaji alihesabu miaka kwa vidole.

"Kwa hiyo mwaka jana, nilipokuambia mpwa wangu anamtaka Rasila, hukusikia?"

"Uliniambia lini?"

"Siku ya sikukuu ya Mohani, tukila. Ukatikisa kichwa, ukaomba achari. Mke wangu mpaka leo haongei na mkeo."

Walicheka kidogo. Kisha Chirikaji akautazama mguu wake, na kicheko kikakatika.

"Vidole viwili, Herakaji. Ungeniambia, ningekuwa nakupungia mkono. Kazi ya kupunga mkono ingenishinda?" Halafu akasema polepole, mdomo wazi, ili mwenzake aone kila neno: "Nenda kwa Panchanarayan kabla sijaenda mimi."

Panchanarayan, mzee wa miaka 63 asiye na maneno mengi, alikuwa akikagua kamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka, akampa Herakaji mgongo, akainama tena kwenye kamba.

Alipogeuka akauliza, "Nimesema nini?"

"Sijui."

"Nimesema uende nyumbani."

Angekwenda, kama si Bishnulal. Huyu ni mdogo wake Chirikaji, ana miaka 34, na alikuwa ameshapewa kabari ya kulia badala ya kaka yake. Pale pale kabari ya kulia akapewa mwingine, yeye akahamishiwa kushoto, upande mgumu, kwa kuwa gari limeinama na kona zote mbaya za leo ziko kushoto. Hadi mwaka jana alikuwa akizuia gurudumu la nyuma tu.

"La mbele nimeliona kwenye ndoto," anasema Bishnulal, "na kwenye ndoto huwa linanikanyaga. Nikamwambia mzee, mwache huyu asimame mbele yangu. Asishike kitu. Nimwone tu."

Panchanarayan akasema: "Akigusa kabari, mnarudi nyumbani wote wawili."

Sasa tarumbeta zinalia na ngoma za dhime zinajibu. Panchanarayan anapandishwa kwenye boriti. Kamba zinakaza, gari linanguruma kama nyumba inayong'olewa, magurudumu yanaanza kuzunguka.

Herakaji anatembea kinyumenyume. Mbele ya uso wake kuna gurudumu lililomzidi kimo. Nyuma yake kuna watu, mawe, mbwa na kingo za barabara ambazo yeye hazioni. Mkewe anafuata pembeni, ameshika ncha ya shali yake kwa meno.

Mangal Bazaar wanapita salama. Ngazi za mahekalu, la Krishna na mengine yote, zimejaa watu waliounganisha viganja. Bibi mmoja anayetoka kusali kwa Buddha kwenye Hekalu la Dhahabu anampa mjukuu mchele amrushie mungu. Hapa hakuna anayeuliza mungu huyu ni wa nani. Wanachouliza ni kuhusu mnara tu: umeinama zaidi au ni macho yangu?

Kona iko Hakha. Barabara inabana, na nyumba ya kushoto ina upenu uliojitokeza nje. Kelele hapa ni kubwa kiasi kwamba mwandishi wa makala haya, akiwa hatua tano kutoka kwenye boriti, hasikii neno hata moja la Panchanarayan. Anaona mdomo wake tu ukifunguka na kufungika.

Bishnulal naye hasikii. Uso umempauka. Anamtazama Herakaji.

Herakaji anatazama kamba ya kulia ikilegea. Anatazama mdomo wa mzee. Anasukuma viganja vyote viwili chini, na Bishnulal anatupa kabari. Gurudumu linaipanda, mbao inalia, gari linaanza kugeuka taratibu, taratibu mno. Juu, mnara unausogelea upenu. Watu waliokuwa dirishani wanajiondoa.

Viganja vya Herakaji bado viko chini. Bishnulal anaanza kupeleka mkono kwenye kabari kabla ya wakati, na Herakaji anatikisa kichwa: bado.

Kisha anainua mikono yote miwili.

Kabari inachomoka, ncha yake imepasuka. Matawi ya mnara yanafagia upenu, vigae vitatu vinaanguka na kuvunjika mahali ambapo hakuna mtu. Gari linanyooka.

Juu ya boriti, Panchanarayan anafuta jasho. Anatazama chini kwa Herakaji. Kuanzia hapo hadi Sundhara, mwisho wa safari ya leo, kila anapotaka kabari iingie, anaonyesha pia kwa mkono.

Gari linafika wakati wanawake wanawasha taa za samli. Herakaji anakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Anapewa kikombe cha pombe ya mchele, nusu inamwagika kwenye suruali.

"Angalau hukunipikia maneno," Suryakeshari anamwambia, akimgusa bega kwanza ili ageuke. "Ulisema utasimama tu, ukasimama."

"Umesema nimepika?"

"Nimesema unywe."

Jambo halijaisha. Mvuto wa kwenda Lagankhel bado, na kabla ya hapo guthi, chama kinachosimamia kazi zote za gari, kitakaa kuamua habari za Herakaji. Wapo wanaotaka afukuzwe kwa kuficha. Herakaji anasema hawajakosea. Jioni hii, baada ya mvuto, alikwenda kwa seremala kumweleza ukweli. Seremala alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Jumatano, Rasila, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, atampeleka kupimwa masikio. Wameambiwa kifaa cha sikio moja ni kama rupia elfu arobaini, sawa na siku arobaini na tano za kinu. Hawajui kama kitasaidia. Lililo hakika ni kwamba kesho ataingia kazini na pamba, awagawie wenzake watatu wa kinuni wazibe masikio, wapende wasipende.

Anaulizwa kuhusu mwakani. Swali limerudiwa mara mbili, mara ya pili polepole.

"Kabari siitaki tena," anasema. "Wakiniita, nitakwenda. Wasiponiita, nitakwenda vilevile, nisimame mahali Bishnulal ataniona."